Watoto wa Sauti ya Pili

Nakumbuka Jumapili ile, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoiota akiwa na homa: rangi ziko wazi, sauti ziko mbali, na miguu haikanyagi chini vizuri. Keti hapa. Kuusia ni kazi ya wazee, najua, na mimi sina mvi hata moja. Lakini Bibi Dorkasi, aliyestahili kukuambia haya, tulishamzika kule Ndera, na maneno uliyoyasema jana mezani siwezi kuyaacha yapite.

Ulisema, "Mama, kile chumba cha watoto wachanga pale shuleni wakifunge tu. Watoto wa mayaya wanatuharibia shule." Nilitaka kukuchapa, sitakudanganya. Nikatoka uani nikaanua nguo, hata zilizokuwa bado mbichi.

Sasa sikiliza. Yaya alikuwa mimi. Mtoto alikuwa wewe.

Niliacha masomo kidato cha nne kwa sababu ya mimba, nikapata kazi ya ndani kwenye jumba moja la Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Mabuja wangu, yule mama mwenye nyumba, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliniambia taratibu huku akikoroga chai: "Mchana sitaki mtoto hapa. Ukikosa pa kumweka, kazi basi." Na kijijini kwetu hapakuwa na mtu wa kunipokea. Kazi ikiisha, mimi na wewe tungelala nje.

Mteremkoni chini ya majumba yale lilikuwepo kanisa letu, lenye ibada ya Kiswahili, na nyuma yake chumba cha kwaya. Bibi Dorkasi, aliyekulia Karagwe huko Tanzania akarudi huku kwetu na Kiswahili chake kizima, ndiye aliyeongoza huduma ya jamii. Huduma yenyewe ilikuwa kutembelea wagonjwa na kugawa sabuni. Katika kutembea huko akakuta watoto wa yaya mmoja wamefungiwa ndani peke yao tangu alfajiri, wamelia mpaka sauti zimekauka. Hakuitisha kikao. Alichukua ufunguo wa chumba cha kwaya akaanza kupokea watoto, yeye na wanawake wenzake wa kwaya, waimbaji wa sauti ya pili, kwa zamu.

Hiyo ndiyo historia ya shule yako. Kibao cha getini kinasema ilianzishwa na kamati. Uongo mtupu! Kamati ilikuja baadaye, ikakuta watoto wameshalala mkekani wananyonya vidole.

Asubuhi nilikuwa nakushusha kwake nikiwa nusu usingizini, ukungu bado umejaa bondeni. Wanawake walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo midomo imefumbwa, mmm, mmm, ili wasiwaamshe. Nilipanda mlima kwenda kazini na sauti ile ikanifuata hadi kwenye ukuta wa mabuja. Mpaka leo nikichoka sana naisikia, sijui inatoka wapi.

Kisha Jumamosi moja akaja Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, suti imepigwa pasi. Nilikuwa nimekuja kukuchukua, nikasikia yote.

"Mama Dorkasi, kesho iko wageni, kwaya nzima, watavalia humu. Hawa watoto watoke chumbani. Na wasirudi. Kanisa si nyumba ya kulea."

"Watoke chumbani?"

"Watoke, mama."

"Sawa, mzee."

Sawa! Nilimkasirikia bibi yule usiku kucha. Na kesho yake mabuja alikuwa na karamu, ruhusa hakuna. Nikakupeleka hivyo hivyo, nikakusukuma mikononi mwake bila hata salamu, nikakimbia. Asubuhi nzima naosha glasi huku nawaza nguo zetu nitazifunga kwenye mfuko gani.

Nilipoponyoka nikashuka mbio, nikafika mlangoni mwa kanisa kwaya imesimama. Wanawake wote wa sauti ya pili walikuwa na watoto mgongoni! Wamewafunga juu ya majoho ya zambarau, kwa vitenge vya kila rangi. Wewe ulikuwa mgongoni kwa Bibi Dorkasi, shavu limebonyea, umelala fofofo naye anaimba. Wakivuta pumzi, watoto wanapanda. Wakiimba, wanashuka. Nilidhani nimesinzia kwenye sinki la mabuja.

Wimbo ulipokwisha Mzee Zakaria akasimama. "Mama Dorkasi! Tulikubaliana nini jana?"

"Watoke chumbani, mzee. Nenda kaangalie. Hamna mtu."

Nyuma mtu akashangaa, "Yewe!" na kanisa likaangua kicheko, wageni nao wakacheka. Bibi hakucheka.

"Mama zao wako huko juu wanapika chakula cha watu," akasema. "Kama yupo hapa anayeweza kuwabeba wiki nzima, aje awachukue. Mimi nimezeeka, simnyimi."

Hakuna aliyesogea. Mchungaji akasimama akasema, "Chumba ni chao." Mzee Zakaria akakaa.

Nilimlilia bibi begani mpaka joho likaloa. Akanisukuma.

"Unalia nini wewe? Umefika kidato gani?"

"Cha nne, bibi."

"Basi siku yako ya mapumziko uje ushike chaki. Hawa wanakua, sha, binti yangu. Nitawaimbia mpaka waote ndevu?"

Nikashika chaki. Ubao wetu ulikuwa ukuta wa chumba kile kile unachotaka kifungwe. Waumini wakajenga darasa, kisha jingine, mpaka leo mna sare, mna basi la shule, na mna midomo ya kudharau watu.

Basi nakuusia, mwanangu. Usimfukuze mtu mahali ambapo na wewe ulipokelewa. Wakisema watoto wa mayaya wanaharibu shule, waambie mama yako alikuwa yaya, na useme kwa sauti, wacheke wakitaka. Kesho saa ya mapumziko nenda kwenye chumba kile, uliza nani amelia sana leo, umbebe. Usiende kupiga picha. Umbebe mpaka anyamaze, hata akikukojolea sare, nitafua mimi.

Mungu akukuze. Akupe afya, akupe akili ya darasani, akupe na hasira, ila akuonyeshe pa kuipeleka. Itikia amina, nisikie.