Majina ya Daftari la Matanga

Wasike alipanga barua za watu posta kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo akajifundisha mwenyewe, bila mwalimu, kuandika herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Shule aliiacha darasa la nne. Alipostaafu alijenga vyumba vitatu Njiru, wakati ukitoka Barabara ya Kangundo ulikuwa bado unakanyaga nyasi, na majirani wakamfanya katibu wa chama cha kuzikana. Walisema mtu akiandikwa na Wasike, hata kama amekufa, anaonekana ameheshimiwa.

Daftari lilikuwa kubwa, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Kila msiba ulikuwa na kurasa zake. Kichwa kwenye ukurasa wa kwanza kilimtaja marehemu, kisha wakafuata waliokuja kumsindikiza: jina, namba ya kitambulisho, nyumba, saini. Jina la Wasike lilikuwa la kwanza kila mara. Namba za vitambulisho alizitaka chifu, asije akaambiwa chama ni cha watu hewa.

Wakati huo msiba ulikuwa wa mtaa mzima. Keynan, Mwislamu mwenye duka la jumla, alifunga duka kila jeneza lilipotoka, liwe la Mkamba au la Mluhya, akaja kutia saini yake iliyofanana na kamba yenye fundo. Hakuna aliyemwita. Siku hizi jirani anakufa ukuta kwa ukuta nawe, na wewe unaarifiwa na simu, tena pamoja na tangazo la viatu.

Daftari hilo halikutoka mikononi mwa Wasike. Lilitoka mara moja tu.

Ngigi ndiye aliyelitoa. Alikuwa dalali wa viwanja, mtoto aliyekulia mtaa huohuo, na Wasike alikuwa amemzika baba yake. Alikuja Novemba, akavua kofia mlangoni.

"Mzee, tunataka majina ya chama yaingie kwenye simu, tuwe tunapashana habari haraka. Nipe daftari nikatoe nakala. Saa kumi nitakuwa nimerudisha."

"Daftari halitembei, Ngigi."

"Na mwandiko huu, mzee? Watoto wetu hawajawahi kuona mwandiko wa binadamu. Wacha wauone hata mara moja."

Wasike alicheka. Hicho kicheko alikuja kukikumbuka. Saa tisa na nusu, hata kabla ya ahadi, daftari lilirudi limefungwa kwenye gazeti, safi, bila hata alama ya kidole.

Januari ukuta ukaanza kupanda ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua, pale juu kwenye mwinuko. Nyuma ya ukuta yakalazwa matangi mawili meupe, kila moja refu kuliko nyumba ya Wasike. Kilikuwa kiwanda cha kujaza mitungi ya gesi ya kupikia. Kwenye lango palibandikwa karatasi: wakazi wameulizwa, wameridhia, orodha yao iko katika ofisi ya vibali mjini.

"Wewe uliulizwa?" Wasike alimuuliza Nzilani, jirani yake mjane aliyechemsha githeri, mahindi na maharagwe ya kuuza, jiko lake likiwa hatua tatu kutoka mtaroni.

"Mimi nani aniulize? Mimi huulizwa bei tu."

Wasike akaenda mjini. Alipofunguliwa faili, aliujua ukurasa wa kwanza kabla hajavaa miwani. Zilikuwa herufi zake. Pale palipokuwa na jina la marehemu palikuwa pamefunikwa, pakapigwa chapa: Wakazi Walioridhia Kiwanda, Januari. Majina tisini na sita. La saba lilikuwa Keynan, na kando yake ile kamba yenye fundo.

"Huu ni mwandiko wako, mzee?" aliuliza kijana wa ofisi, kwa adabu.

"Ni wangu."

"Basi wewe ndiye uliyewaandikisha."

"Niliandikisha waliokuja kumzika mtu. Na huyu Keynan tumemzika Agosti. Ninyi mmeandika ameridhia Januari."

Kijana aligonga jina kwa kalamu. "Kama ana malalamiko, aje mwenyewe."

"Aje kutoka wapi?"

Kijana alifunga faili. Alimwambia njia ni moja: alete orodha ya wanaopinga, majina na saini, ndani ya siku kumi na nne.

Wasike alirudi, akafungua ukurasa mpya, akaandika kichwa kwa wino mweusi kwenye kila karatasi ili asiibiwe tena, kisha akaanza kubisha milango. Alidhani siku mbili zingetosha. Lakini habari za orodha zilikuwa zimemtangulia.

"Kwa daftari hilo tena? Zii, mzee, sisaini," alisema Sally, msichana aliyepanga nyumba ya tatu kando ya mtaro. "Mara ya kwanza nililia mazishini, nikatia saini, kumbe nimeuza mtaa."

Wengine hawakufungua. Ngigi alimkuta njia panda, akamsalimu kwa mikono miwili kama zamani. "Mzee, usijichoshe. Kwenye orodha ile namba moja ni wewe."

Siku ya kumi na nne ukurasa ulikuwa na majina mawili: lake na la Nzilani. Kibali kikatoka. Tangu siku hiyo Wasike hakuliacha daftari nyumbani. Alilibana kwapani hata akienda kununua maziwa.

Lori la kwanza la tangi liliingia langoni alasiri moja ya Aprili, mvua ikiwa imekatika. Wasike alikuwa amekaa mlango wa nyuma, unaotazama mtaro. Hakukuwa na upepo. Kwanza alimwona paka wa Nzilani amelala ndani ya mtaro, na paka halali palipo na maji. Kisha akainama, na harufu ikampiga, ile ya kitunguu kilichooza. Alipoinuka ilitoweka. Aliwahi kusoma katika kijitabu alichonunua kando ya Barabara ya Jogoo kwamba gesi hiyo haipandi kama moshi. Ni nzito, hutambaa chini na kutafuta bonde.

Nzilani alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kiberiti mkononi.

"Usiwashe."

"Kuna nini?"

"Hunusi?"

"Wiki nzima wanajaribu mabomba kwa mitungi midogo. Nimezoea." Kisha akamwona paka. Akakidumbukiza kiberiti kwenye sufuria ya maji, polepole, kama anayeweka yai. "Na hao wengine, baba? Ni saa kumi. Watu wanapika chai."

Mtaro ulipita nyuma ya nyumba arobaini. Wasike alikwenda mbio, mbio za mtu wa miaka sabini na tatu. Nyumba ya kwanza pazia lilisogea, likarudi. Ya pili redio ilipunguzwa sauti, basi. Ya tatu alimsikia Sally nyuma ya mlango.

"Mzee, tulisema hatusaini."

"Sikuja kwa saini. Gesi imetoka. Usiwashe moto."

"Na ile ya kwanza ilikuwa ya mazishi tu, si ndiyo?"

Nyayo zake zikaelekea jikoni.

Hapo ndipo Wasike alipojitazama na kuona alichokibana kwapani. Akaliweka daftari chini kwenye tope, ukingoni mwa mtaro, na kuugonga mlango kwa mikono yote miwili. Ndani, mtu alikuwa akizungusha kitufe cha jiko. Tik. Tik. Lilikuwa bado halijashika.