Skrini Iliyozimika Dakika ya Tatu

Mwaka ambao shirika letu lilipata mwekezaji, sisi wapiga chapa wawili tulinyang'anywa mashine zetu za kuandikia tukapewa kompyuta. Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa bado binti, nikitembea kila asubuhi kutoka Igogo hadi ofisini. Kompyuta niliizoea upesi. Yeye ilimtesa. Kila akichapa mistari michache, anatoa leso na kufuta machozi.

"Mwanangu, mwanga huu unanichoma macho," aliniambia. "Hiki kidude hakiwezi kuzimika chenyewe nisipokitumia?"

Nilihangaika nacho mpaka nikapata namna. Kompyuta isipoguswa kwa dakika tatu, skrini inakuwa nyeusi. Ukibonyeza kitufe chochote inawaka, na kazi yako unaikuta palepale. Alifurahi mno.

Yeye alikuwa na kawaida ya kuisoma rasimu nzima kwanza, kidole kikifuata mistari, maana mwandiko wa wakubwa ulikuwa mbaya. Akishaielewa ndipo anachapa, na hakosei herufi. Kwa hiyo muda mwingi skrini yake ilikuwa nyeusi.

Meneja mpya alipenda kupita kwenye korido akituchungulia kupitia kioo cha mlango. Siku moja aliniuliza, "Yule mama huwa hawashi kompyuta yake?"

Nilicheka. "Anawasha, bosi."

Simu yake ikaita, akaondoka. Sikumfuata kumweleza.

Orodha ya wanaopunguzwa kazini ilibandikwa Ijumaa asubuhi. Jina lake lilikuwepo, langu halikuwepo. Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja nikamweleza habari ya zile dakika tatu. Alinisikiliza huku akisaini barua.

"Mimi kila nilipopita nilimwona amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa," alisema. "Ungesema mapema. Orodha imeshakwenda Dar."

Mama yule alihamia Kisesa kwa kaka yake. Nilikaa karibu mwezi mzima nikijipa moyo, kisha nikaenda. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikamweleza yote bila kuficha.

"Kwa hiyo alidhani nimekaa tu?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote ile niliyofanya kazi." Akatupa jani lililooza. "Na alipokuuliza, wewe ukacheka."

Hakunifukuza. Alisonga ugali, tukala na dagaa, akanisindikiza hadi barabarani. Nilipomwambia nitarudi mwezi unaofuata, alisema nisijisumbue.

Nilirudi hata hivyo. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani aliniambia kaka mtu yuko shambani, na mama amevuka ziwa kwa kivuko kwenda kuishi kwa binti yake upande wa Kamanga. Nilisimama pale mlangoni, mkononi nina mfuko wa sukari niliomletea. Nikamwachia jirani, nikarudi mjini. Kamanga sikwenda.