Shamba la Mama Sifa Lililokwenda Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini kama monitere, mwelekezaji wa wakulima, nilivaa viatu vipya, na jioni haikuvikuta vizima. Agronomu wetu wa Kasongo, mkuu wa kilimo, mzee mnene aliyecheka kwa tumbo lote, alinipeleka moja kwa moja kwenye kinamasi cha rafia, ile mitende ya majini.

"Monitere, toa viatu," akasema. "Kama haujazama, haujaanza kazi."

Nilidhani ni mzaha. Nikazama hadi magotini na viatu vyangu, naye akacheka hadi machozi. Nilimchukia siku ile tu. Baadaye nilimpenda kama baba.

Nyinyi vijana wa pikipiki, mnaokimbilia dhahabu ya Salamabila, kwenye kinamasi kile mnaona matope matupu. Haya, sikilizeni! Yule mzee alichomeka tarieri, chuma cha kutobolea udongo, akakitoa kimejaa tope jeusi. Ndani yake mlikuwa na majani ya rafia ya zamani sana, mishipa bado inaonekana.

"Hii ni turbe," akanifundisha. "Jani likiwa hai linavuta kaboni toka hewani. Ndiyo ile inabaki nyeusi katika makaa ya jikoni. Jani likianguka majini, hewa haifiki, haliozi likaisha. Linalala juu ya wenzake, na udongo unapanda pole pole."

Nilipohamishiwa Kabambare, mgongo ulilia njia nzima. Shefu wetu, mkuu wa kazi wa kule, alikuwa mwembamba, mdomo mkali, moyo laini. Kijiji kilikuwa na njaa, na Mama Sifa, mjane mwenye watoto wadogo, aliomba kulima kinamasi cha nyuma ya nyumba yake. Shefu akaamuru mtaro uchimbwe.

"Maji yatoke, mpunga uingie!"

Nilimwambia naogopa turbe ikikauka itaisha. Akanijibu, "Njaa yao haingoji woga wako." Na kuhusu njaa hakukosea. Mavuno ya kwanza yalijaa, Mama Sifa akatupikia wali kwa kuku, akaimba mbele ya mlango.

Kisha shamba likaanza kushuka. Rafia za pembeni zilibaki mizizi inaning'inia. Maji yalipotoka hewa iliingia, na vijidudu vya kuozesha vikapata nafasi: vikala majani yale ya zamani na kutoa hewa ya ukaa. Kiangazi, moto wa mashamba ukaingia chini ya ardhi, tukaona moshi bila mwali. Masika, maji yakasimama palipodidimia, mpunga ukazama wote.

Mama Sifa akaja ofisini na matope miguuni.

"Monitere, udongo wangu iko wapi? Ni mwizi gani anaiba shamba?"

"Mama, umekwenda hewani."

"Wee! Unanichekesha, na watoto wangu wana njaa?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Shefu, aliyekuwa akisikiliza mezani kwake, akainuka, akamsogelea.

"Mama," akasema, "tukiziba mtaro, mpunga hautakuwa tena. Tukiacha, shamba lenyewe litaisha. Sema wewe."

Mama Sifa akakaa kizingitini akalia. Nami nililia, sioni haya kusema. Kisha akajifuta na kitambaa chake.

"Muzibe. Lakini mutanitafutia pa kulima."

Shefu alikunja suruali, akaingia matopeni mwenyewe, akabeba udongo wa mfinyanzi kama kibarua. Kabla ya mvua, Mama Sifa alikuwa akilima mlimani, kando ya shamba la Shefu mwenyewe, na yeye ndiye aliyemgombeza Shefu kila Shefu alipochelewa kupalilia.

Sasa nimestaafu, niko hapa Kasongo na magoti mabovu. Wakubwa wangu wote wawili wamekwenda, Mungu awarehemu. Nawakumbuka sana, hasa kelele zao.

Kiangazi kilichopita pikipiki ilisimama mlangoni. Akashuka Mama Sifa, nywele nyeupe, kabeba mkeka mpya.

"Ni rafia iliyoota tena nyuma ya nyumba yangu," akasema, akautandika. "Ulisema shamba langu lilikwenda hewani. Basi, kipande kimerudi. Kaa juu yake."

Nikakaa. Lakini monitere hastaafu mdomo.

"Mama, ili jani liwe udongo tena, sharti lianguke majini."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto mjinga.

"Najua, baba. Majani mengine yote nimeacha yaanguke."