Diski Iliyobeba Lokole ya Papa

Papa alipofariki, nyumba yetu ya mtaa wa Kabondo ilibaki na mimi peke yangu. Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, alikuwa Kinshasa, dada yangu mkubwa Ufaransa, na mimi kitinda mimba nilibaki na viti vya mbao, mifuko ya nguo ambazo hakuna aliyetaka kuzichukua, na kompyuta kuukuu ambayo ndani yake Papa alikuwa bado anapiga lokole.

Lokole si ngoma ya ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mrefu, lina sauti mbili, nene na nyembamba, na wazee wa mtoni upande wa Yanonge walilitumia kuzungumza na vijiji vya mbali. Kwa lokole kila mtu ana jina lake. Si neno moja, ni sentensi nzima, na nyuma yake hufuata jina la baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Papa alituandalia majina hayo sote tukiwa wadogo. Mimi nilikulia mjini, nikaenda shule, nikawa mpiga chapa katika ofisi ya shule ya sekondari, na sikuwahi kujifunza kulipiga langu.

Kabla nguvu hazijamwishia, niliazima kamera parokiani nikamketisha uani. Alipiga jina la yaya, la dada, langu, na majina ya ndugu zake waliokufa, na kila moja alilieleza polepole kwa Kiswahili ili sisi wa mjini tuelewe. Alikohoa sana. Nilipotaka kusimamisha kamera ili apumzike, alinyanyua kijiti chake.

"Usikate," aliniambia. "Wacha wasikie hata kikohozi. Ndiyo mimi ule."

Sikukata. Mchana wote ule ukawa faili moja refu.

Baada ya matanga sikulifungua. Nilijua lipo, basi. Kisha siku moja umeme ulirudi kwa kishindo, taa ya sebuleni ikapasuka, na kompyuta ikakataa kuwaka. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima nikiizima na kuiwasha, na ndipo nilipofahamu kwamba Papa alikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku lile lenye vumbi. Ilipowaka mwishowe sikushangilia. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, nikajiambia mwenyewe kwa sauti: "Leo natoa nakala."

Nilichomeka flash. Faili lilianza kupita, halafu kompyuta ikasema faili ni kubwa mno. Lakini flash ilikuwa na nafasi tele! Nilidhani ni ya bandia, nikajaribu nyingine, jibu likawa lile lile. Jioni hiyo nikasoma kwenye simu hadi nikaelewa. Kila diski ina namna yake ya kupanga vitu na kukumbuka vilipo, na namna hiyo inaitwa mfumo wa faili. Flash zangu zilikuwa na mfumo wa zamani uitwao FAT32. Karibu kila kompyuta inauelewa, lakini haupokei faili moja linalofika gigabaiti nne. Ningeweza kulikata la Papa vipande viwili. Nilifikiri juu ya kile kijiti chake kilichonyanyuliwa, nikaacha.

Nikanunua diski ya nje kwa wafanyabiashara wa mjini kati. Kompyuta yangu haikutumia Windows, ilitumia Linux. Fundi mmoja alikuwa ameniwekea baada ya virusi vya flash za ofisini kunichosha. Kwa hiyo diski niliipa mfumo wa Linux wenyewe, ext4, ambao unajua kujipanga upya umeme ukikatika ghafla, na kwetu umeme hukatika ghafla. Faili lilipita lote. Diski hiyo ilikuwa yangu, ya kukaa kabatini.

Lakini nilimwambia yaya wa Kinshasa, na yaya hakungoja. Sista mmoja wa parokia alikuwa anapanda ndege siku iyo hiyo.

"Umupe ile diski," alisema.

"Yaya, mashine yako ni ya Windows. Haitaijua. Ngoja nikutengenezee ingine."

"Umupe tu. Nitapata mutu wa kuifungua."

"Basi usifinye kitu kabla ya kuniita."

"Sawa, sawa."

Nikampa sista diski, nimeifunga katika kitenge.

Simu ya yaya ilinikuta ofisini, katikati ya kupiga chapa mitihani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ndogo yangu, hii diski haina kitu ndani."

"Haina kitu aje?"

"Mashine iliniambia ni lazima ku-formater, kuipanga upya, kabla ya kuitumia. Nikafinya oui, ndiyo. Sasa inafunguka muzuri, lakini iko vide, tupu."

Nilikuwa nimeshika karatasi. Niliiweka chini taratibu, kana kwamba ndiyo ingeweza kuvunjika.

"Yaya, nilikuambia usifinye kitu."

"Nilizani ni vile diski za mupya zinafanyaka." Kisha akauliza: "Lakini uko na ingine, hein? Ku mashine yako?"

Nilikata simu. Nilipanda toleka, ile baiskeli ya abiria, na nilimhimiza mwenye nayo mpaka akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nilifungua mlango, nikawasha kompyuta, nikangoja. Ilikuwa inachelewa kuwaka kila siku, lakini siku hiyo ilichelewa zaidi, au ni mimi. Faili lilikuwapo. Nililifungua. Papa akaonekana, akajikohoza, akauliza kama kamera inamuona.

Nikampigia yaya. "Iko," nilisema.

Nilisikia pumzi yake, halafu nikasikia kwamba analia. Yaya hakuwahi kulia mbele yangu. Papa alipokufa yaya hakupata safari, na tulipomzika yeye alikuwa Kinshasa akipokea salamu za rambirambi kwa simu.

"Nilitaka tu kumuona," alisema. "Sikufika ku matanga. Ile diski ilipofika, sikuweza kungoja."

"Najua, yaya."

Hasira niliyokuja nayo kwenye toleka sikuiona tena ilikokwenda.

Sasa ilibidi nichague vizuri. Yaya, baada ya kuuliza fundi wa huko, alishauri NTFS, mfumo wa Windows, kwa kuwa kwake ungefunguka bila maneno. Nikamwandikia dada Ufaransa, maana yeye anatumia kompyuta ya Mac. Nilikuwa nimesoma kwamba Mac inaweza kusoma diski ya NTFS lakini kwa kawaida haiwezi kuandika kitu ndani yake. Nikadhani hilo halina shida. Dada ataangalia tu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake tramu ikipita:

"Hapana, mimi pia niko na vitu vya kuweka ndani. Halafu nitakurudishia. Utafute yenye kuniruhusu kuandika."

Hakusema ni vitu gani, nami sikuuliza. Tulikuwa tumezoea kuongea kwa ufupi.

Ndivyo nilivyofika kwenye exFAT. Haina ule mpaka wa gigabaiti nne. Windows inaisoma na kuiandika, Mac vilevile, na Linux yangu ya zamani ilihitaji programu ndogo tu ya nyongeza. Ila ina udhaifu wake: ukiichomoa bila kuiaga kompyuta, yaani bila kuiamuru iiachie kwanza, au umeme ukikatika inapoandika, inaweza kuharibika, kwa sababu haitunzi kumbukumbu ya kazi iliyokatika kama ext4. Nikanunua diski nyingine tatu, nikaamua: ya kubaki nyumbani iwe ext4, za kusafiri ziwe exFAT, na nakala nitazifanya betri ya akiba ikiwa imejaa.

Kabla ya kutuma nilitaka kuona kwa macho. Nikaibeba diski katika mkoba hadi ofisini, nikaichomeka kwenye kompyuta ya Windows. Papa akatokea, akajikohoza. Wenzangu wawili waligeuka.

"Ni nani ule?"

"Papa wangu."

"Ah, pole," walisema, wakarudi kwenye kazi zao.

Kisha nikaenda kwa padri mwenye Mac. Alinipisha kitini pake akatoka kunawa mikono. Nikaandika faili dogo ndani ya diski, nikalifuta, nikamtazama Papa akianza tena. Nilikuwa nimeusikia mwanzo ule mara nyingi, na kila mahali nilifunga faili kabla hajapiga hata jina moja. Sikutaka kumsikiliza akipiga majina yetu katika ofisi za watu.

Diski ya yaya ilipofika Kinshasa, alinipigia kabla ya kuichomeka.

"Nifanye nini?"

"Chomeka. Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Imefunguka." Nikasikia akibonyeza. "Naona faili. Ndogo yangu, usikate simu. Tuangalie pamoja. Weka yako ku mwanzo."

Niliweka kiti karibu na kompyuta. Yaya akahesabu, tukabonyeza. Papa wangu alianza mbele kidogo na Papa wake akafuata kwenye simu, kwa hiyo kila pigo nililisikia mara mbili. Lilipokuja jina la yaya, nikasikia akiongeza sauti. Papa akaeleza maana yake, akalirudia, akacheka, akakohoa. Yaya akasema kwa sauti ndogo, "Aliniitaka vile jioni, nikichelewa ku mto." Sikulijua hilo. Alikuwa kijana tayari mimi nilipozaliwa.

Kabla halijafika jina langu, simu ilikatika. Nilijaribu kumpigia, haikupita. Papa aliendelea kupiga, kila pigo likisikika mara moja tu sasa. Nikalisikiliza jina langu peke yangu. Nilijaribu kulifuata kwa vidole juu ya meza, nikakosea, nikarudisha nyuma, nikakosea tena.

Kesho yake yaya hakupiga simu, wala wiki hiyo. Hakuwa amekasirika, alikuwa na kazi zake, watoto, foleni za Kinshasa. Mimi nilikuwa nimedhani, sijui kwa nini, kwamba tungekuwa tunaangalia pamoja kila mara.

Diski ya dada ilikwenda na mwanafunzi wa huku aliyepata nafasi ya masomo, na ilikaa huko muda mrefu hata nikaacha kuingoja. Ilirudi katika kiatu cha mgeni aliyetoka Ufaransa, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Niliichomeka. Kando ya faili la Papa kulikuwa na folda mpya iliyoitwa Mama.

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Niliambiwa zilipotea wakati wa vita, na sikuuliza zaidi. Kumbe dada alikuwa ameondoka na bahasha ya picha hizo, na sasa alizipitisha zote kwenye skana. Mama amesimama mbele ya kanisa. Mama anapepeta mchele. Mama amekaa ukingoni mwa mto na mtoto mgongoni, na jina la faili linasema mtoto huyo ni mimi.

Nilimpigia yaya. Simu yake ilikuwa imezimwa. Dada alikuwa kazini, nikamtumia neno moja: asante. Nikazunguka nyumba, sebuleni, uani, nikarudi. Mwishowe nilikwenda kwa mama jirani, aliyekuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, nikamwomba aje aone kitu. Alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, akainama mbele ya skrini.

"Ni nani?"

"Mama yangu. Mimi ni ule wa ku mugongo."

Alitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Unamufanana ku paji la uso," alisema. "Na vile unasimamaka."

Alikaa nami mpaka tukazimaliza zote, kisha akarudi kwenye kinu chake. Niliiaga kompyuta kabla ya kuichomoa diski, kama inavyotakiwa. Ile ya kabatini nikaiongezea picha za Mama, nikaangalia moja baada ya moja kama zinafunguka. Zilifunguka zote. Upande wa pili wa ukuta, jirani alikuwa anatwanga.