Papa wa Vitenge wa Mama Olga

Saa nne asubuhi, siku ya soko kijijini Karuba. Mbele ya nyumba yake, Olga Nyiransabimana anakanyaga cherehani huku mkono ukisukuma kitenge cha rangi ya udongo. Anachoshona leo si sare wala blauzi. Ni samaki bapa, mrefu kuliko mtu mzima, tena ana ndevu.

"Mama Olga, hiyo iko nini?" anauliza mama mmoja muuza viazi.

"Papa."

"Papa ya nani?"

Watu wanaangua kicheko. Katika milima hii ya Masisi, mashariki mwa Kongo, papa ni baba mzazi. Yule wa baharini hakuna aliyewahi kumwona.

Kicheko kama hicho ndicho kilichoanzisha kazi hii. Hilaire, mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini, aliwaambia wanafunzi kwamba yuko papa anayeshinda amelala sakafuni mwa bahari. Mtoto mmoja akauliza kama amefukuzwa na mama. Darasa likacheka, somo likaishia hapo.

Jioni Hilaire akamfuata Olga na picha kwenye simu, akamwomba amshonee samaki kama yule: papa zulia, wa bahari za huko Australia. Mwili wake umetandazwa kama mkeka, ngozi ina mabaka ya kahawia na njano, na mdomo umezungukwa na vinyama vinavyoning'inia kama mwani. Mchana hujilaza kati ya mawe, akipumua bila kuogelea. Samaki akikatiza mbele yake, mdomo unafunguka ghafla.

Olga, mwenye miaka arobaini na moja, alikuwa na sababu ya kusita. Vita vilimkimbiza hadi kambini karibu na Goma, mumewe Valens akiwa amebeba cherehani mgongoni. Waliporudi, nyumba haikuwa na bati hata moja. Wateja ndio kwanza walikuwa wanaanza kurudi.

"Niliogopa batu baseme kambi ilimuharibu kichwa," anasema. "Lakini ile samaki ilikuwa muzuri. Nikakosa usingizi juu yake."

Papa wa kwanza alimjaza maganda ya mahindi kupita kiasi. "Akavimba sawa ngombe iko na mimba. Mwalimu akasema, huyu hawezi kujificha hata nyuma ya kanisa!"

Akafumua, akapunguza, akaunga vipande vyenye rangi za sakafu ya udongo ya darasa. Ndevu akazikata kutoka sweta kuukuu la Valens.

Siku ya somo walimlaza sakafuni, wakamnyunyizia vumbi. Wanafunzi wakaingia, wakaketi.

"Nani ameona papa?" Hilaire akauliza.

Akavuta kamba iliyofungwa mdomoni mwa papa, na mdomo mkubwa ukaachama karibu kabisa na miguu ya waliokaa mbele. Mayowe! Madawati yakapinduka. Kisha darasa zima likalipuka kwa kicheko, kila mtoto akitaka kumshika. Olga alikuwa dirishani, ameegemea ukuta, machozi yakimtiririka.

"Tangu turudi, sikuwa nimecheka vile," anasema.

Huyu wa leo anakwenda shule moja ya Kalembe, ambako habari zilifika haraka. Akimmaliza, Olga anataka kushona nyangumi. Ameshaanza kukusanya vitambaa vya bluu, na Hilaire amemweleza ukubwa wake.

"Shida njo mulango," anasema, akiitazama nyumba yake. "Atatokea wapi?"

Valens, anayepanga viazi barazani, anajibu bila kugeuka: "Wee shona tu. Ukuta nitabomoa."