Swichi Iliyokatwa Waya

Wakuu, nimeona kwa macho yangu swichi iliyokatwa waya ikipandisha besi mbele ya ukumbi mzima.

Na waya niliukata mimi mwenyewe. Kwa koleo langu. Kwa hiyo msiniambie habari za uzee, kilichozeeka kwangu ni goti tu.

Twende taratibu.

Mimi nimestaafu ufundi wa friji. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amestaafu kuendesha malori. Wenzetu wanacheza karata. Sisi tukajifungia kwenye chumba cha uani na kompyuta aliyoiacha mjukuu, tukaanza kutengeneza muziki wa dansi. Ule wa vijana, wa kuruka mpaka viatu vinachomoka miguuni.

Hatukufundishwa na mtu. Tulibonyeza kila kitu mpaka kikalia.

Sasa muziki ule una nguzo mbili huko chini.

Kuna kiki, ile dup! dup! dup! inayokugonga kifuani. Na kuna besi, ile vuuum inayotambaa sakafuni na kukupanda miguuni.

Kiki niliipata kwa kurekodi mlango wa friji bovu ukifungwa. Besi ya shemeji, kwa kiapo chake, ni mngurumo wa lori lake la zamani.

Tatizo, zote mbili zinagombea sehemu ileile. Zikilia pamoja husikii kiki wala besi. Unasikia tope.

Mimi napandisha kiki. Yeye anapandisha besi. Mimi tena. Yeye tena. Siku moja meno yangu ya bandia yalitoka kwenye glasi, yakatembea mezani mpaka kwenye sahani ya mkate. Naapa.

"Shemeji, zima hilo lori lako!"

"Funga friji yako kwanza! Huu ni muziki au mtu anabomoa ukuta?"

Mke wangu akatokea mlangoni, pasi mkononi. Huyu mama alifanya kazi kwenye mitambo ya simu, anaunganisha watu, mpaka akastaafu. Hapandishi sauti. Ndiyo maana anatisha.

"Jumamosi mnapiga ukumbini mbele ya vijana," akasema. "Watu wakikaa chini, chumba hiki kinakuwa cha kupigia pasi. Vyombo vyenu nauza."

"Vyote?" nikauliza.

"Mpaka viti."

Aisee, nikaona hapa bila ujanja tumekwisha.

Tulikuwa na kiboksi cha sauti kilichounganishwa na kompyuta, chenye swichi mbili za kuzungusha. Kushoto kiki, kulia besi. Shemeji alipokwenda kunyoa, nikakifungua, nikakata waya wa besi, nikafunga. Kwenye kompyuta nikaishusha besi chini, nikaiacha hukohuko.

Jamaa akarudi na kipara kinang'aa, akazungusha swichi yake.

"Haaa! Umesikia hiyo?"

"Nimesikia, shemeji. Hatari."

Nikatoka nje kwenda kucheka.

Tangu siku hiyo, amani. Halafu cha ajabu, muziki ukaanza kusafishika. Kiki inapiga, besi inaipisha, kiki ikiondoka besi inarudi imejaa. Tope limekwisha! Nikajisemea, mkono wa fundi huu.

Jumamosi alasiri tukapanda jukwaani. Mke wangu akakaa nyuma yetu, kompyuta mapajani, eti anailinda isikanyagwe.

"Hao babu wamekuja kutengeneza umeme?" kijana mmoja akauliza. Ukumbi mzima ukacheka.

Tukaanza. Ukumbi ule ulikuwa mkubwa kama ghala, ukameza sauti yote. Vijana wakatoa simu zao. Mmoja akavuta kiti. Mwingine naye akavuta.

Mimi nikaanza kuona meza ya pasi.

"Naongeza besi!" shemeji akasema, jasho linamtiririka.

Moyoni nikasema, ongeza baba, haina waya hiyo.

Akazungusha.

VUUUM.

Sakafu ikaguna. Yule wa kwanza akaachia kiti, akasimama.

Nikajiuliza, hii inatoka wapi na waya nimekata? Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi yangu, nikazungusha angalau nishike kitu ninachokijua. DUP! DUP! DUP! Vijana wakapiga kelele.

Shemeji akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hiyo imelia?"

"Kwa nini isilie?"

"Waya wake niliukata mimi! Ulipokwenda kununua sukari!"

"We mzee! Na wako niliukata mimi, ulipokwenda kunyoa!"

Mbele yetu ukumbi wote unaruka.

Nyuma yetu mtu akacheka kidogo.

Tukageuka. Mke wangu anatutazama juu ya miwani yake, kidole kipo kwenye kompyuta.

"Nafuta vumbi, nakuta vipande vya waya kwenye zulia," akasema. "Mlidhani nitafikiri ni panya?"

"Kwa hiyo ni wewe uliyesafisha..."

"Nimeiambia kompyuta kiki ikipiga, besi inyamaze kidogo. Ikimaliza, besi iendelee. Mmoja anaongea, mwenzake anasubiri. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ila nyumbani kwangu imenishinda. Haya, nyinyi zungusheni, mimi napandisha huku, watu wanawaangalia."

Tukazungusha.

Chumba hakikuwa cha pasi. Kimekuwa chake. Sasa ukumbi unamwita Mama Mitambo, na sisi ndio tunambebea spika.

Kiboksi bado anatuwekea mbele kila tukienda. Juzi shemeji akaninong'oneza kwamba ameongeza besi kidogo. Nikamwambia imesikika, na mimi nikaongeza kiki.

Mnaoishi na wazee wabishi, chukueni hili: kila mmoja mpe swichi yake azungushe. Waya kaa nao wewe.