Tanuri la Shemeji na Rangi ya Serikali

Nimezunguka sana ukingo huu wa ziwa Mweru, kutoka Puta hadi Mofwe, na kuvuka ng'ambo mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shughuli. Kila niliporudi Nchelenge nilimkuta mume wa dada yangu akichomelea kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mara kiti cha kukunjwa ambacho kikishakunjwa hakikunjuki, mara baiskeli ya kubebea barafu. Yeye ni Mkongomani wa ng'ambo ya ziwa, na kwa kuwa kwetu mashemeji wana haki ya kutaniana bila kuombana radhi, tumeitumia haki hiyo vizuri.

Safari hii kilikuwa tanuri la kukaushia samaki: mapipa ya mafuta yaliyokatwa, droo za waya, na chini yake magurudumu ya toroli. Nikamuuliza samaki hao wanasafiri kwenda wapi. Akasema wanakimbia maji.

Hapo alinishinda. Ziwa likijaa, matanuri ya matofali pale sokoni huanguka, na yakianguka boma, yaani ofisi ya wilaya, hutangaza zabuni ya kujenga mengine yaleyale, tofali la ukubwa uleule, bomba la moshi la urefu uleule. Mwashi mmoja ndiye aliyekuwa akipata kazi hiyo kila mara. Sidhani kama kuna mtu aliyeliombea ziwa mvua kwa moyo kama yeye.

Dada yangu hakuwa na hamu ya kucheka. Alikwisha kumwambia mumewe, mbele yangu, kwamba tanuri hili ni la mwisho. Lisipopata mnunuzi watafunga karakana, mume aende Lubumbashi akachomelee madirisha ya watu, naye dada aache meza yake ya samaki amfuate. Meza hiyo aliirithi kwa mama yetu. Shemeji alijua hilo, ndiyo maana siku zile hata matani yake yalikuwa mafupi.

Kwa bahati, boma walikuwa wameletewa afisa mpya wa ununuzi, mama mmoja kutoka Mansa. Tangazo lake halikutaja tofali hata moja. Lilisema serikali inataka tanuri linalohamishika maji yakipanda, lisilowatia kina mama moshi machoni, na linalokausha kwa kuni chache. Mwenye nalo alilete ufukweni, wachuuzi wapate kulijaribu wenyewe. Mwashi alizunguka soko lote akiuliza kama serikali imesahau inachotaka.

Siku ya majaribio kina mama walipanga samaki kwenye droo, kuni zikawashwa, moshi ukapanda moja kwa moja bila kumsumbua mtu. Samaki walitoka wekundu, wakavu, wa kupendeza macho. Mchuuzi mzee kuliko wote akamega, akatafuna, kisha akageukia ziwa na kutema kwa adabu. Nami nikaonja. Ilikuwa kama kulamba mlango mpya.

Shemeji alikuwa amelipaka tanuri zima rangi ya buluu, nje na ndani. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa dunia hii.

"Shemeji, ile ni kintu ya Leta," akasema. Kwao Leta ni serikali. "Kintu ya Leta bila rangi, mutu atajua namna gani kama ni ya Leta?"

Watu wa boma hawakucheka. Nadhani walikumbuka ofisi zao, na viti vyao, na hata mawe ya kando ya njia yao. Afisa aliwauliza kina mama kama kuna ubaya mwingine zaidi ya ladha. Yule mzee akajibu kwamba tangu aolewe hajawahi kukausha samaki bila kulia, ila leo. Basi shemeji akapewa wiki moja. Aliyachoma mapipa hadi rangi ikabanduka, dada akisugua droo kwa mchanga.

Mara ya pili samaki waliliwa hadi mifupa. Boma wakaagiza matanuri ya soko zima kutoka kwake, na afisa akaongeza kwamba mwakani watanunua kwa yeyote atakayeleta lililo bora zaidi.

Maneno hayo ya mwisho yalimuuma shemeji. Mwashi alikuwa amekwisha kupita karakanani, akalizunguka tanuri na kuuliza, kama mtu asiye na haja, magurudumu yanapatikana wapi. Fundi mmoja wa Puta naye alikuja "kusalimia."

"Yangu njo ya kwanza," shemeji alimlalamikia mkewe. "Sasa banataka nini tena?"

"Banataka ingine, batata," dada akasema, akimwita baba kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao kwa heshima. "Tengeneza ingine."

Akabeba beseni lake akaenda ufukweni, maana mitumbwi ilikuwa imeingia na meza ilikuwa inamngoja. Shemeji akachomoa droo moja, kisha akaniamuru nishike ncha ya waya. Nilikuwa niondoke siku ile. Nikashika.